Sura ya Saba: Asilimia Arobaini na Moja

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, kikanyamaza. Inspekta alifumbua macho gizani. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, na mumewe, mwalimu mstaafu asiye na sababu yoyote ya kuamka mapema, alikuwa jikoni akimkorogea chai na kumjazia chupa ya safari, akinyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Si ungelala tu," Inspekta alimwambia alipoingia akifunga vifungo vya koti.

"Usingizi wa wazee mfupi. Umebakiwa na muda gani?"

"Mpaka saa tisa mchana. Saa tisa mwendesha mashtaka anapeleka jalada mahakamani. Likishaingia kule, yule dereva anahamishiwa gereza kuu, na shtaka lake halina dhamana. Atakaa hata miaka miwili akingoja kusikilizwa."

"Na wewe unaamini si yeye."

"Mimi siamini kitu. Nimepewa hesabu inayokaa vizuri mno. Hiyo ndiyo inayoniudhi."

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu saa saba mchana, kwenye mji wa mlimani, mlinzi wa ghala la dawa alipigwa nyundo ya kichwa, na katoni kadhaa zikachukuliwa. Mlinzi huyo bado alikuwa hajazinduka. Fundi cherehani wa jirani alisema aliona gari jeupe la mizigo likiondoka bila mlio, kama paka. Magari ya umeme ya namna hiyo yalikuwa matatu katika kampuni moja ya usafirishaji huku chini. Mawili siku hiyo yalikuwa gereji, hayana magurudumu. La tatu lilitoka yadi saa nne asubuhi na kurudi saa kumi na dakika kumi. Lilitoka na chaji asilimia mia, likarudi na nane.

Kijitabu cha wauzaji kilisema gari hilo huenda kilomita mia nne kwa chaji moja. Asilimia tisini na mbili ya mia nne ni kilomita mia tatu sitini na nane. Kwenda mlimani na kurudi ni mia tatu sitini. Mwendesha mashtaka alipoipiga hesabu hiyo mbele ya Inspekta alifunga kikokotoo chake taratibu, kama mtu anayefunga kifuniko cha chungu kilichoiva.

Dereva alikuwa na maelezo yake. Alisema alipeleka vigae vya sakafu kwenye nyumba inayojengwa mji wa bondeni, kilomita mia na mbili, akamkosa fundi, akasubiri, akarudi na mzigo wake. Hati ya mzigo haikuwa na sahihi ya mpokeaji. Na safari hiyo, kwa hesabu ya kijitabu, ingekula asilimia hamsini na moja tu. Arobaini na moja zilikuwa zimekwenda wapi? Hapo dereva alifunga mdomo, na tangu Jumanne hakuufungua.

*

Yadi ilikuwa bado na taa. Mlinzi wa yadi, mzee aliyeinama kidogo upande mmoja, aliwafungulia geti Inspekta na koplo wake, akaleta kitabu kabla hajaombwa. Safu zilikuwa nne: jina, saa, chaji ya kutoka, chaji ya kurudi.

"Kilomita mbona hamwandiki?" Inspekta aliuliza.

"Kilomita tulikuwa tunaandika enzi za dizeli, afande, kwa ajili ya wanyonya mafuta. Umeme utaunyonya kwa mpira gani?"

"Na ile mita ndogo ya safari, ndani ya gari?"

"Hiyo naifuta mimi kila jioni nikishachomeka chaji. Nataka gari lianze siku likiwa safi." Alisema kwa fahari ya mtu anayefanya zaidi ya alichotumwa.

Koplo alifungua mdomo. Inspekta akamgusa kiwiko, na koplo akaufunga. Kumkemea mzee kusingerudisha namba. Kiwanda kilichotengeneza gari kiliandikiwa barua, kikajibu kwamba taarifa za safari zitatumwa baada ya wiki tatu. Simu ya dereva ilikuwa kwa fundi tangu Jumapili, kioo kimepasuka. Zilibaki asilimia peke yake.

"Huyu dereva unamjua?"

"Namjua kwa mgongo," mlinzi alisema, akajishika kiuno. "Ule waya wa chaji mzito. Tangu mgongo unishike, ndiye anayenibebea kila akirudi. Na Jumatatu alinibebea. Mtu katoka kuvunja kichwa cha mwenzake, atanibebea waya?"

"Wapo wa hivyo, baba."

"Wapo," mzee alikubali. "Lakini hawakuulizi umelalaje."

Gari lilikuwa limefungwa utepe wa polisi tangu Jumanne. Koplo aliukata, akaketi, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Hapakusikika injini. Ila upepo wa moto ulivuma ghafla, na Inspekta, aliyekuwa amekaa kiti cha abiria, alihisi uso unawaka.

"Zima hita. Hapana, ngoja. Usiguse." Aliinama atazame. Hita ya upande wa dereva ilikuwa imefungwa. Ya upande wa abiria ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho. Kiti alichokalia kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa na kulazwa, hata ikabidi ajivute kuona barabara. Mbele yake, kwenye dashibodi, palibandikwa karatasi ya kampuni: HITA HULA CHAJI. MARUFUKU KUBEBA ABIRIA. ADHABU NI KUFUKUZWA KAZI.

Aliingiza vidole kwenye mfuko wa mlango. Akatoa kipande cha pamba, kimeshikiliwa na plasta ndogo, katikati kina tone la damu iliyokauka, dogo kama punje ya mtama.

"Damu, afande!" koplo alishtuka. "Ina maana wenzetu walikagua hapa wakaiacha?"

"Wenzetu walitumwa nyundo. Anayetafuta nyundo haoni pamba." Aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika saa na mahali. "Na hii si damu ya kichwa kilichopasuka. Endesha."

*

Masharti waliyawekeana jana yake na mwendesha mashtaka, na Inspekta ndiye aliyeyataka makali. Gari liende tupu, bila kigae hata kimoja. Matairi yajazwe upepo. Hita izimwe, madirisha yafungwe. Wafike mlimani, wasimame dakika kumi, warudi. Na safari yote isizidi saa sita na dakika kumi, muda uleule ulioandikwa kwenye kitabu cha yadi. Kama gari lingeshindwa likiwa tupu na limebembelezwa hivyo, lisingeweza likiwa na vigae.

Walitoka saa kumi na mbili kamili, chaji ikisoma mia. Baridi ya msimu ilikuwa imeganda kwenye vioo. Kila kilomita kumi Inspekta aliandika namba mbili kwenye daftari, vidole vikimfa ganzi.

"Afande, dakika tano tu za hita," koplo aliomba. "Masikio siyasikii."

"Yapo. Nayaona. Kunywa chai."

Chini ya mlima, kilomita mia na kumi, chaji ilisoma sitini na nne. Kisha barabara ikaanza kupanda, na namba zikawa zinaanguka moja baada ya nyingine, kama matone ya bomba bovu. Walipita kituo cha mafuta chenye mashine ya chaji, ya pekee njia nzima. Inspekta alishuka kwa dakika mbili. Mashine ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita, na mwenye kituo alikuwa ameitundikia taulo zake.

Saa tatu kasoro dakika moja walisimama mbele ya ghala. Thelathini na nne.

"Nusu ya njia, na theluthi mbili zimeliwa," koplo alisema. "Haturudi."

"Usiseme. Endesha tu."

Alikuwa na sababu ya kutosema. Baada ya dakika zao kumi walianza kuteremka, na pale ambapo mteremko ulikuwa mkali koplo alitoa mguu kabisa, gari likajizuia lenyewe. Namba ikasoma thelathini na tano. Kisha thelathini na sita.

"Inapanda," koplo alinong'ona.

"Likiteremka linajichaji. Fundi wa gereji alinieleza."

Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kalamu ya Inspekta ilisita juu ya karatasi. Kama mlima ungerudisha vyote ulivyokula, basi gari lingefika yadi, hesabu ya kijitabu ingesimama, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa amemfungia dereva mlango. Aliandika thelathini na tisa. Mkono ulikuwa mzito, lakini aliandika vilevile ilivyokuwa.

Chini ya mlima vilima vidogovidogo vikaanza kuzirudisha zile asilimia zilipotoka. Walipofika tambarare ilikuwa thelathini, na mbele yao kilomita mia na kumi. Upepo ulivuma kutoka mbele.

"Nipunguze mwendo?" koplo aliuliza ilipofika kumi na tano. "Nikienda thelathini na tano tutafika, afande, naapa tutafika."

"Tutafika saa ngapi?"

Koplo alihesabu kimoyomoyo. "Saa saba hivi."

"Na yeye kwa hesabu hiyo angesaini saa kumi na moja. Alisaini saa kumi na dakika kumi. Umeona? Akienda polepole, muda haumtoshi. Akienda kasi, umeme haumtoshi. Weka mwendo uleule."

Kumi. Saba. Ilipofika nne, alama ndogo ya manjano iliwaka kwenye dashibodi, picha ya kobe, na gari likaanza kuburuta miguu. Kituoni kila mtu alijua kwamba Inspekta, kwa taratibu zake, aliitwa Kobe nyuma ya mgongo wake.

"Afande," koplo alisema, akijitahidi kuwa na uso wa kazi, "mpaka humu ndani umeshaandikwa."

"Nimeona. Tazama barabara."

Lilizimika saa sita kasoro dakika kumi, kando ya shamba lililovunwa. Kilomita mia tatu arobaini na moja. Zilibaki kumi na tisa. Inspekta alipiga picha ya dashibodi, akapiga simu.

Mwendesha mashtaka alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa kijana, lakini alikuwa na adabu hiyo.

"Hakuchaji njiani?"

"Mashine iliyoko inaanikiwa taulo."

"Basi umenionyesha hakwenda mlimani. Vizuri. Lakini hakimu hataniuliza gari halikwenda wapi, mama. Ataniuliza lilikwenda wapi. Asilimia arobaini na moja bado zinaelea hewani, na mtu wako ni bubu. Nipe alipokuwa saa saba mchana."

"Nipe muda."

"Muda si wangu. Jalada litakaa mezani kwangu mpaka saa tisa kasoro dakika moja. Hicho ndicho ninachoweza."

Hakikuwa kidogo. Wengine wangelituma asubuhi.

"Andika," Inspekta alimwambia koplo wakati wakingoja gari la doria lije kuwachukua. "Hakuna gari la namna hii linaloweza kutoka huku, kufika ghalani na kurudi siku hiyo hiyo. Aliyempiga mlinzi hakutoka kwetu. Gari lake linalala huko huko juu, na linachajiwa huko huko juu. Hilo ni la kesho."

"Na la leo?"

"La leo ni pamba."

*

Dereva aliletwa chumba cha mahojiano saa sita na dakika arobaini. Alikuwa na shati tu. Blanketi alilopewa Jumanne, askari wa zamu alisema, alikuwa amempa mahabusu mwenzake mwenye kikohozi.

Inspekta aliweka mfuko wa plastiki mezani.

"Nani alikuwa anasikia baridi?"

Dereva aligeuzia uso ukutani.

"Wewe si mtu wa baridi, ninakuona. Hita ya kwako imefungwa. Ya abiria iko mwisho."

"Ile hita mbovu, afande. Inajiwasha."

"Na kiti kinajilaza chenyewe? Na pamba inajichoma sindano?"

Dereva aliitazama pamba. Kisha akauliza swali ambalo Inspekta hakulitarajia.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Alijifunika uso kwa viganja. "Basi jana hakwenda," alisema. "Hakwenda kabisa."

"Nani?"

"Bibi wa chumba cha jirani. Si ndugu yangu. Hana mtu. Figo zake zimesimama, anasafishwa damu hospitali ya bondeni, Jumatatu na Jumatano. Mzigo wangu wa vigae unakwenda hukohuko, siku hizohizo. Basi nampakia."

"Siku tatu umekaa hapa. Kwa nini hukusema?"

"Nikisema nimebeba abiria, kazi imekwisha. Kazi ikiisha yeye ataenda na nini? Kwenye basi alianguka mara mbili. Mlimani sikwenda, nilijua mtaona wenyewe. Nikasema nivumilie, Jumatano nitakuwa nje, nitamuwahi." Alinyanyua uso. "Sikujua zile asilimia zitanisemea uongo."

"Nieleze Jumatatu. Haraka, lakini usiruke kitu."

Alieleza. Mashine ya Bibi huanza saa tano na nusu, na ukichelewa wanampandisha mwingine, kwa hiyo kwenda alikimbiza. Vigae tani nzima nyuma. Fundi hakuwepo, kwa hiyo tani hiyo hiyo ilirudi. Na wakati wa kurudi Bibi hutetemeka. Damu ikitoka nje ikarudi, alisema, mwili unakuwa barafu. Ndiyo maana huwasha hita nusu saa kabla hajatoka wodini, gari limpokee likiwa na joto, na haizimi mpaka mlangoni kwake.

Inspekta aliziandika moja moja. Mzigo kwenda na kurudi. Mwendo. Baridi. Hita mwisho, karibu saa mbili. Asubuhi hiyo gari tupu, hita imezimwa, lilikula asilimia mia kwa kilomita mia tatu arobaini na moja. Kijitabu kilikuwa kimeongeza chumvi hata kabla ya kigae cha kwanza kupakiwa. Arobaini na moja hazikuelea tena. Alijua kila moja ilikotua.

"Anwani," alisema, akiwa tayari amesimama.

*

Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani, koti mabegani, kifuko cha hospitali mapajani. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa umevimba, haukuingia, na kiatu chake kilikuwa pembeni kimegeuziwa pua mlangoni. Godoro lilikuwa limetandikwa, halijalaliwa. Amengoja hivyo tangu jana, Inspekta alielewa.

"Hodi, mama."

"Karibu. Nilidhani ni mwanangu, amechelewa." Pumzi yake ilikuwa fupi. Aliona sare ya koplo. "Askari? Nani kaiba?"

"Hakuna aliyeiba, mama. Tunataka kujua Jumatatu ulikwendaje hospitali."

Macho ya Bibi yalienda kwenye sare, yakarudi. "Kwa miguu."

"Kilomita mia na mbili?"

"Huwa naondoka mapema."

Koplo aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Inspekta alichuchumaa mbele ya kitanda. Alibonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu uliovimba. Shimo likabaki pale, halikurudi.

"Mama, nisikilize. Yeye hajachelewa. Tunaye sisi. Amesingiziwa kumvunja mtu kichwa, na alikuwa radhi afungwe kuliko kukutaja. Nimebakiwa na saa moja na dakika arobaini."

Bibi aliinamisha kichwa. Mikono ilikikamata kifuko, ikakiachia.

"Mjinga," alisema, na sauti ilikuwa kama anayemfunika mtoto shuka. "Mjinga kabisa. Andika basi. Andika nilijificha nyuma kwenye vigae, yeye hakujua."

"Na ile hita aliwawashia vigae?"

Kicheko kilimtoka Bibi bila ruhusa, kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma upesi. Inspekta alimpa mkono. Maelezo yangeandikwa njiani. Walimbeba yeye na kiatu chake.

Koplo aliendesha king'ora kikilia. Kiti cha nyuma, Inspekta alivua koti lake akamfunika Bibi, akaweka ile miguu miwili mapajani mwake iinuke, na kuandika juu yake, daftari likiruka kila penye shimo. Bibi alijibu kila swali kwa maneno machache. Baada ya kilomita hamsini maneno yakawa mawili. Baada ya tisini alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, midomo imebadilika rangi.

"Saa?" Inspekta aliuliza.

"Nane na nusu."

"Kanyaga."

Walifika saa nane na dakika thelathini na nane. Muuguzi wa wodi ya mashine aliwaona wakiingia, hakuuliza kadi wala foleni. Alimtazama Bibi usoni mara moja, akamwita mwenzake, na kitanda kikasogezwa.

"Jana tulimngoja mpaka jioni," alisema, akifunga mkanda wa presha huku anazungumza. "Yule mjukuu wake yuko wapi?"

"Ndiye aliyenileta kwako. Daftari lako la Jumatatu, sista. Tafadhali."

"Kwenye droo ya juu. Mikono yangu unaiona."

Inspekta alilifungua mwenyewe. Jumatatu, kitanda cha nne. Kuingia, saa tano na nusu, aliyemleta, sahihi. Kutoka, saa tisa kasoro dakika kumi. Aliyemchukua, sahihi ileile. Ilikaribia kutosha. Lakini kati ya saa tano na nusu na saa tisa, mtu mwenye haraka na gari jingine angeweza kuzushiwa mengi. Aligeuza ukurasa.

Fomu ilikuwa imebanwa kwa pini. Ridhaa ya kuongezewa damu. Presha ya mgonjwa imeshuka, msindikizaji ameitwa, ameelezwa, amekubali. Saa saba na dakika tano mchana. Sahihi ya dereva, herufi zimepinda kwa woga, na kwenye nafasi ya uhusiano ameandika: mjukuu.

"Alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa," muuguzi alisema. "Akanishika mkono, akasema, sista, fanya chochote. Sasa wewe unaniambia si mjukuu?"

"Sijakuambia hivyo," Inspekta alijibu. Alipiga picha ya fomu, na ya ukurasa, na ya saa ya ukutani. Mtandao ulizunguka, ukazunguka. Koplo alitoka nje na simu juu ya kichwa chake, kama mtu anayetafuta ndege. Saa tisa kasoro dakika saba, picha ziliondoka.

Saa tisa kasoro dakika nne simu iliita.

"Nimeziona," mwendesha mashtaka alisema. Karatasi zilisikika zikisogezwa. "Saa saba na dakika tano. Mkono mmoja hauwezi kuwa na kalamu bondeni na nyundo mlimani. Jalada nalirudisha kabatini. Atatoka leo kabla ya giza."

"Na kampuni yake?"

"Karatasi hizi ni za polisi. Mwajiri wake akitaka kuzisoma aje aniombe mimi, na mimi huwa napoteza funguo."

Inspekta alifunga simu, akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda. Mashine ilikuwa inazunguka, mirija miwili myekundu ikienda na kurudi. Uso wa Bibi ulikuwa umeanza kuwa wa mtu tena.

"Wamemwachia?"

"Wanamwachia leo hii."

"Wamempa chakula huko kwenu?"

"Nitauliza, mama. Kama hajala, nitampa mimi."

Bibi alikubali kwa kichwa. Alijaribu kulivua lile koti alirudishe, lakini mkono mmoja ulikuwa na sindano, na Inspekta akalivuta mpaka kidevuni mwake.

"Kaa nalo. Mashine hii ina baridi."

"Kesi yako imekwisha, basi."

"Hapa kwako imekwisha. Nimebakiwa na ya mlimani."

"Kwa hiyo huna tena cha kukuleta." Bibi alitazama dirishani, kisha akamrudishia macho. "Jumatatu saa tano na nusu nipo. Kitanda hikihiki, saa tatu nzima sina wa kusema naye, mjukuu wangu huwa yuko nje anapasha gari moto. Njoo tena unitazame, mwanangu. Ila daftari uliache nyumbani."